Lau Anakin Angesema: Maswali ya Usiku wa Hina Jangwani



Juzi tulivuka kwenda Dar kwa harusi ya mdogo wetu, na kama mjuavyo, mtu wa Unguja akialikwa harusi Dar, safari huwa mbili ndani ya moja: harusi, na Kariakoo. Habari za vitambaa vya Mtaa wa Congo na bei zake tutawaletea, ahadi ni deni. Leo tuna jambo ambalo halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote kati yetu. Tunataka kuzungumza juu ya Anakin Skywalker.

Msicheke. Au chekeni kwanza, halafu mtusikilize.

Nyumba ya harusi iko Jangwani, ghorofani, ukisimama barazani unaliona bonde la Msimbazi. Usiku wa hina tulijaa sebuleni. Bi harusi kalazwa juu ya mkeka, mikono na miguu imeshachorwa, piko bado bichi, haruhusiwi hata kujikuna pua. Sasa mtu aliyepakwa piko mikono yote miwili hana amri juu ya rimoti. Rimoti ilibaki kwa mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka 12, naye akatuwekea Star Wars: kwanza ile ya 2002, kisha ile ya 2005. Na kwa kuwa bibi na shangazi Kiingereza cha mbio hawakishiki, akawa anatutafsiria mwenyewe, sauti kaikaza, na vionjo vyake ndani. Shangazi akasema huyu karithi kwa Lufufu. Wasiomjua, marehemu Lufufu ndiye aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili enzi za vibanda vya video, na Dar nzima ilimjua kwa sauti.

Kwa ambao hawajaona, kisa kwa ufupi ni hiki. Anakin ni mtoto wa mtumwa, kaishi utumwani yeye na mama yake, Shmi, kwenye sayari ya mchanga mtupu inayoitwa Tatooine. (Jina limetoka Tataouine, mji wa Tunisia, na sehemu za huko zilipigwa picha Tunisia kweli. Ndiyo maana yale majoho yao shangazi alidhani ni ya Waarabu wa Maghribi.) Anakuja mwalimu wa Jedi, hao mashujaa wa panga za mwanga, anacheza kamari juu ya mashindano ya mbio, anampata mtoto, mama anabaki. Mtoto anakua, anakuwa shujaa anayetegemewa na dunia zote. Anampenda Padmé, aliyekuwa malkia na sasa ni mbunge wa baraza kuu. Majedi hawaruhusiwi kuoa. Wanaoana kwa siri. Mwishoni yule shujaa ndiye anayekuwa Darth Vader, lile jitu jeusi lenye pumzi ya kutisha ambalo hata asiyeangalia filamu analijua.

Filamu ilipokwisha mtoto akaanza maswali yake. Ingekuwaje kama yule mwalimu wa kwanza asingeuawa? Ingekuwaje kama Baraza la Jedi lingempa cheo alichokitaka badala ya kumpa kiti bila cheo? Ingekuwaje kama siku ile Mace Windu alipomwambia akae asubiri, angekaa akasubiri? Ni maswali mazuri, na tumegundua kwamba watu duniani kote wanayajadili kama sisi tunavyojadili nani kampikia nani biriani bovu.

Bibi akamkata. Mjukuu wangu, akasema, neno "lau" lina hatari. Na kweli, Mtume wetu (S.A.W.) katufundisha kwamba likitufika jambo tusikae tukisema lau ningefanya hivi ingekuwa vile, bali tuseme ni kadari ya Allah, kwa sababu "lau" humfungulia shetani kazi yake. Tukanyamaza kidogo. Halafu somo wa bi harusi, mama mmoja ambaye kafunda mabinti wengi kuliko miaka yake, akasema: hilo ni kwa aliyekwisha kufikwa, anayejitafuna moyo kwa lililopita. Huyu hapa kwenye mkeka bado hajafikwa na lolote. Mwacheni aulize leo, ili asije akauliza baada ya miaka mitano.

Basi tukauliza. Na maswali yetu hayakufanana na ya mtoto hata kidogo.

La kwanza lilikuwa la shangazi: kwa nini hakuna aliyerudi kumchukua mama? Miaka kumi inapita. Padmé alikuwa malkia wa sayari yenye majumba ya marumaru. Majedi wana vyombo vinavyovuka anga kama bajaji inavyovuka Msimbazi. Hakuna hata mmoja aliyepeleka fedha akamkomboa yule mama. Aliyemkomboa ni mkulima tu wa jangwani, Lars, akamnunua, akamwacha huru, akamuoa. Mkulima kaweza, shangazi akasema, malkia kashindwa? Mwana anakuja kurudi kwa sababu ya ndoto mbaya, anamkuta mama mahututi mikononi mwa watekaji, anakufa amemshika.

Sisi watu wa pwani tunaye shujaa wetu, Fumo Liyongo, naye alifungwa gerezani. Lakini mama yake alimfikia: akampelekea mkate wa wishwa, ndani yake tupa ya kukatia pingu. Liyongo aliuawa baadaye, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, kwa kuahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Angalieni basi: kwetu shujaa haanguki, anaangushwa. Huyu wa angani kaanguka mwenyewe.

Swali la pili ndilo lililotuweka macho mpaka saa nane za usiku. Lau ndoa ile ingetangazwa?

Itazameni tena ile harusi mwishoni mwa filamu ya 2002. Pazuri, ziwa, jua linazama, bi harusi kavaa shela la lesi ambalo sisi wenyewe tulilipigia picha kwenye simu. Yupo mzee wa dini wa kuwafungisha. Baba wa Padmé hayupo. Mama hayupo. Rafiki hayupo. Wanaoshuhudia ni roboti wawili. Somo akauliza kwa utulivu kabisa: mashahidi ndio hao wa chuma? Mtoto akajibu ndio hao. Na sasa sikilizeni lililotumaliza nguvu. Roboti mmoja, yule wa dhahabu, C-3PO, anasema lugha zote, na mwisho wa filamu ya 2005 inaamriwa afutwe kumbukumbu. Mwingine, yule mdogo wa kubiringika, R2-D2, anakumbuka kila kitu, lakini anapiga miluzi tu. Kwa hiyo shahidi mwenye ulimi hana kumbukumbu, na shahidi mwenye kumbukumbu hana ulimi.

Tulicheka mpaka piko la bi harusi likaharibika kwenye kifundo. Halafu hatukucheka tena, maana kati yetu alikuwepo mwenzetu anayejua ndoa ya namna hiyo, na mashahidi wake hawakuwa wa chuma.

Kwa ruhusa yake tunasimulia kwa kuficha. Aliolewa na mfanyabiashara mwenye mke na watoto. Walii alikuwepo, mashahidi wawili wakawepo, mahari akapewa mkononi. Sharti likawa moja, isijulikane mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia. Alikaa miaka minne. Kliniki alikwenda peke yake. Eid ya mchana haikuwa yake, aliipata saa mbili usiku. Kijana wa dukani aliyekuwa akitumwa kumletea matumizi alikuwa ndiye pekee anayejua, na baada ya muda akaanza kuomba chake, leo elfu kumi, kesho thelathini. Siku mume alipofariki alijulia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Msiba ulikuwa mtaa wa pili. Alikwenda, akakaa nyuma na wageni, akapewa chai kama mgeni. Eda alikaa, alhamdulillah, miezi minne na siku kumi kamili, na majirani wakamwuliza kwa nini hatoki, akasema anaumwa. Wakati wa mirathi shahidi mmoja alikuwa amehama, wa pili alisema hakumbuki vizuri.

Hakumbuki vizuri. Kama C-3PO.

Hapa tunataka tueleweke, kwa sababu tunajua simu zitaanza kuita. Hatusemi neno juu ya mke wa pili. Dini imeruhusu na kuna wake wenza miongoni mwa wasomaji wetu wanaopikiana futari. Wala hatusemi nikaha ya mwenzetu haikusihi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, walii na mashahidi waadilifu wakipatikana, nikaha imesimama. Ila mjue kwamba Imamu Malik alikuwa mkali zaidi katika jambo hili: mashahidi wakiambiwa wafiche, kwake hiyo ni nikaha ya siri na haikubaliki. Na Mtume (S.A.W.) katuhimiza tuitangaze nikaha, ndiyo asili ya dufu. Hata sheria ya huku Bara, ile Sheria ya Ndoa ya 1971, inataka nia ya kuoana itolewe taarifa siku 21 kabla, ili mwenye neno alisema, na mke aliyepo anayo nafasi ya kuweka pingamizi. Ndoa yenyewe inatakiwa isajiliwe. Mabibi harusi wengi wanaulizia rangi ya mapambo miezi sita kabla, cheti hawakiulizii kabisa. Kiulizieni.

Turudi kwa Padmé. Filamu haikutusaidia hapa, maana tulitaka kumtupia Anakin lawama zote na haikuruhusu. Mwanzoni mwa ile ya 2005, Anakin ndiye anayesema amechoka kujificha, na wajue tu. Padmé ndiye anayemnyamazisha. Ana sababu zake: mimba imeingia, ikijulikana atapoteza nafasi yake barazani, na mume atafukuzwa. Kwa hiyo lau ni ya pande mbili. Lau angemwacha aseme siku ile ile, palepale, na vumbi la vita bado mwilini? Wangefukuzwa. Basi. Angekuwa Jedi aliyefukuzwa, na mke aliyeacha siasa, na watoto mapacha ambao majirani wanajua baba yao ni nani. Tulikaa tukaipima ile hasara. Bi harusi, ambaye usiku kucha hakuwa amesema kitu, akasema kutoka mkekani: lakini hiyo si hasara, hayo ndiyo maisha ya watu.

Na ukiangalia vizuri, siri ndiyo iliyomkosesha msaada. Anakin anaota mkewe anakufa kwa uzazi. Ameshawahi kuota hivyo kuhusu mama yake na ikawa kweli, kwa hiyo hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Anakwenda kwa Yoda, mzee wa wazee wote, lakini hawezi kumtaja mke, basi anazunguka mbuyu, anasema kuna mtu wa karibu. Yoda anamjibu ajifunze kuachilia anachoogopa kukipoteza. Hilo ni jawabu la kumpa mtawa. Mume mwenye mke mja mzito jawabu lake ni daktari, na mkunga, na mama mkwe alale naye chumba kimoja. Yoda angemwambia nini kama angejua? Hatujui, hakuambiwa. Padmé naye anapendekeza wamwombe Obi-Wan, rafiki yake mume, ambaye kwa mwenendo wa hadithi alikuwa ameshahisi. Anakin anakataa, hatuhitaji msaada wake.

Nani basi aliyekuwa anajua? Palpatine. Adui. Yeye peke yake katika ulimwengu mzima ndiye aliyezungumza na Anakin waziwazi kuhusu mke wake, akamwahidi kumwokoa na kifo. Tuliposikia hivyo mwenzetu akatikisa kichwa akasema neno moja: dukani. Akimaanisha yule kijana. Siri ya ndoa haikai bila mwenyewe. Atakayeijua wa kwanza ndiye atakayeitawala nyumba yenu, na mara nyingi si mtu mwema, kwa sababu watu wema ndio mliowaficha.

Sasa kuna wanaosema Anakin aliangushwa na mapenzi, kwamba walimu wake walikuwa sahihi, asingependa asingeharibika. Tunalikataa hilo. Ni neno baya kuwaambia mabibi harusi, na filamu yenyewe hailithibitishi. Liko jambo jingine, limetokea kabla ya harusi, na sisi wote tulilipita kwa kuwa macho yetu yalikuwa kwenye shela.

Mama yake alipokufa, Anakin aliua kijiji kizima cha wale watekaji. Si wanaume tu. Alimwambia Padmé mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba aliua wanawake na watoto. Naye Padmé alimbembeleza. Akamwambia kukasirika ni ubinadamu. Kisha akaolewa naye.

Somo alimwomba mtoto arudishe nyuma tukione tena kipande kile. Tulikiona mara mbili. Hakuna muziki wa mapenzi pale, wala ziwa. Mwanamume anasema nimechinja watoto, mwanamke anamwonea huruma. Filamu inayofuata anachinja watoto wengine hekaluni, na Padmé anakataa kuamini. Kisha anamkaba yeye mwenyewe koo, na tumbo la miezi tisa.

Shangazi ndiye aliyelisemea hili vizuri, kwa njia yake. Nyumba hii ya ghorofa ni ya mwanawe. Yeye zamani alikaa kule chini bondeni. Jangwani ina jina la mchanga lakini habari zake zote ni za maji. Desemba 2011 mafuriko yaliwatoa watu usiku, wengine wakapelekwa kuanza upya Mabwepande, na hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa baadaye pale bondeni kimekwisha kuzama mara kadhaa. Shangazi alipoteza sanduku la harusi yake, na vyombo, na picha. Baada ya maji watu walikuwa wakiuliza, ingekuwaje kama mvua isingenyesha vile? Yeye anasema swali lake lilikuwa jingine: alama ya maji ya mwaka uliotangulia ilikuwa ukutani, kimo cha goti, tukaipaka chokaa. Kwa nini tuliipaka chokaa?

Dada zetu wanaotuandikia kuwa mchumba "ana hasira kidogo lakini ananipenda sana", tunawaombeni mkae na swali la shangazi. Aliyempiga dereva wa bodaboda mbele yako kwa ajili yako, usihesabu kuwa kakutetea. Umeiona alama ya maji.

Yako mengine tuliyapita haraka. Watoto mapacha, Luke na Leia, wanatenganishwa kwa kufichwa, na katika filamu ya 1980 wanabusiana hawajui kuwa ni ndugu. Sebule nzima ilipiga kelele astaghfirullah, na bibi, aliyekuwa akisinzia, akaamka akasema ndiyo maana nasaba haifichwi, akalala tena. Na Padmé anazikwa tumbo likiwa limewekwa lionekane bado lina mimba, ili asijulikane kuwa amezaa. Hata jeneza lake lilitunza siri.

Karibu na alfajiri binti mmoja, rafiki wa bi harusi, aliyekuwa akitusaidia kukoroga hina, aliuliza akiwa ameinamia bakuli: na kama mtu anasema ni kwa muda tu, mpaka amwambie mkewe? Hakuna aliyemwuliza ni mtu gani. Somo alimwambia, mwambie aanze na kumwambia mkewe, sisi tupo, tutakungojea. Binti akaendelea kukoroga. Hakujibu. Namba zetu anazo.

Kesho yake baada ya Alasiri nikaha ilifungwa msikitini. Wanawake tulibaki barazani juu, na kipaza sauti kikatuletea kila kitu: jina la bi harusi, jina la baba yake, kiasi cha mahari, sauti ya bwana harusi ikikubali kwa kukwama kidogo. Mama muuza maandazi akasimama chini akauliza nani anaolewa, na bibi akamjibu kwa sauti, jina kamili, la baba, la babu, na mtaa wa bwana harusi. Mtoto wa rimoti alipanda ngazi mbiombio, kanzu kaikunja mkononi. Alikuwa amekaa safu ya mbele makusudi, akatuambia, awaangalie mashahidi.

Wote wanaongea, akasema.